Barua Niliyomsomea Baba Yako

Binti yangu Riziki, mama yake Kombo. Nakuombea afya wewe na mtoto, na mimi mwili wangu ni mzima ndani ya kuta hizi nne unazozijua.

Mzigo ulioufungua jana, ufunge tena. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu ndefu nitazunguka huku na huku mpaka wino uishe na lililo moyoni libaki palepale. Gari la karafuu lapita njia panda kesho alfajiri kwenda Mkoani, na meli haimngoji mtu. Nataka uwemo, umfuate mumeo Tanga.

Sasa ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda Madungu na mtoto kwa wifi yako, na Bi Time amelala kwenye jamvi hapo mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, askari wangu wa eda huyo. Ukiona mistari imepinda, ni kwa kuwa naandikia juu ya goti. Herufi ni zilezile za chuoni alizonifunza marehemu babu yako, na maishani mwangu sijapata kuandika barua ya kupita ukurasa mmoja. Barua za watu nimezisoma nyingi, na habari ninayotaka kukupa imo humo.

Nasaha za maji ya Tanga, za tumbo la mtoto, za kukaa na watu usiowajua, Bi Time amekupa mpaka masikio yamejaa. Sina la kuongeza. Mimi nitakupa ambalo Bi Time halijui.

Tangu baba yako azikwe ni miezi miwili na siku kidogo. Umeiona eda yangu kwa nje, unavyoingia na kutoka na sinia. Kwa ndani hujaiona, na namwomba Mungu asikuoneshe upesi. Kioo kimegeuzwa, manukato yamehamishwa, na wiki iliyopita Bi Time akamtoa hata jogoo uani kwangu, akampeleka kwa jirani. Nikamuuliza, "Bi Time, na huyo jogoo kakosa n'ni?" Akaniambia, "Jogoo dume, mwanangu. Miye n'tajuaje mpaka wa dume?" Nikacheka mpaka nikashika ubavu, kisha nikakumbuka kwamba mtu ambaye ningemhadithia kichekesho hicho ndiye niliyemkalia eda. Nikalia papo hapo. Bi Time akadhani namlilia jogoo.

Siilalamikii dini. Eda ni heshima ya baba yako, na heshima hiyo aliistahiki. Lakini nakwambia kweli, Riziki, kuta zinanibana. Najua saa kwa mwanga unaopita chini ya mlango. Najua nani anapita njiani kwa kikohozi chake. Siwezi kutoka hata kwenda kuangalia kama mchungwa wake umeshika maua. Na mtu aliyefungiwa hana pa kulikimbia wazo lake. Zamani nikiwaza jambo hili nilikuwa na kisima, kuni, karafuu za kuchambua, na wewe wa kukugombeza. Sasa nimekaa nalo kutwa, tunatazamana.

Jana ulikuja ukapiga magoti hapa mbele yangu. Ukasema, "Mama, Faki kaandika mara ya tatu. Kapata nyumba. N'pe radhi n'ende." Na mimi nikakujibu, "Miye sina neno." Nikageukia ukutani.

Wewe ni mwanangu, jibu hilo unalijua. Ukainuka. Kisha nikasikia chumba cha pili ukikata kamba ya mzigo, nguo zikirudi sandukuni moja moja. Nataka ujue nilisikia nini moyoni wakati ule, kwa sababu usipolijua hilo hutanijua mimi. Nilisikia furaha. Mume wangu yuko kaburini, mwanangu yuko chumba cha pili analia kimyakimya, na mimi nafurahi kwamba nimemzuia bila kumkataza.

Kama mambo yangeishia hapo, barua hii isingeandikwa. Lakini leo asubuhi nilikusikia ukimwambia Bi Time, "N'tamwandikia Faki kwamba mama hajiwezi." Uliposema maneno hayo mawili, mama hajiwezi, niliyatambua. Niliwahi kuyasoma, yameandikwa, zamani. Na aliyeandikiwa hakuwahi kuyasikia.

Baba yako alivuka kutoka Mrima, bara ng'ambo ya bahari, akiwa kijana, kuja kuchuma karafuu msimu mmoja tu. Hayo unayajua, alikuwa akiyasimulia mwenyewe. Alikuwa Mzigua wa nyuma ya Pangani, mrefu, mikono mirefu, na mkarafuu ulioshinda watu alikuwa akiupanda huku anaimba. Matamshi yetu hayakumkaa ulimini mpaka anakufa. Wanawake wa Pujini wakimcheka, naye akicheka nao. Msimu ukaisha, wenzake wakarudi, yeye akaja kwa babu yako kuniposa. Babu yako alisita kwa sababu moja: watu walikuwa wakisema kwamba mume wa Mrima ni wa msimu, atakuzalisha kisha siku moja atakwambia naenda kuwaona wazee, na utakaa ukimngoja mpaka ngozi ikunjamane. Jirani yetu mmoja yalimfika hayohayo. Nilikuwa nikimwona kila siku kisimani.

Hakujua kusoma. Barua zake zilikuwa zikija kwa watu wa karafuu, zimeandikwa na mwalimu wa huko kwa niaba ya mama yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, viganja magotini, kama mtoto anayesikiliza hadithi. Barua ilianza daima kwa jina lake la utotoni, Mhina, ambalo hapa, alipojulikana kwa Sefu, hakuna aliyemwita isipokuwa mimi nikisoma. Akisikia jina hilo tu, uso wake ulibadilika.

Mwaka ule nilikuwa nimezika watoto wawili, dada zako, mmoja baada ya mwingine, na wewe ulikuwa tumboni mwezi wa sita. Barua ikaja. Nikaifungua mbele yake, nikaipitisha macho kwanza kama ilivyokuwa kawaida yangu. Ilikuwa fupi. Mwanangu Mhina, mama yako hajiwezi. Haulizi kitu ila wewe. Njoo umwone uso kabla.

Haikuwa na zaidi ya hapo. Mwalimu wa watu hakuimaliza hata sentensi.

Nikamsomea, "Mwanangu Mhina, mama yako mzima, akusalimu sana. Mihogo mwaka huu imekubali."

Sikupanga, Riziki. Namwapia Mungu sikupanga. Macho yalikuwa kwenye maneno mengine na mdomo ukasema mengine. Baba yako akatabasamu. Akasema, "Basi?" Nikasema, "Basi." Akaniomba niisome tena, kwa sababu alikuwa akipenda kuzisikia mara mbili. Nikasoma tena, nikasema mahindi yamekubali. Akasema taratibu, "Mara ya kwanza ulisema mihogo." Nikasema, "Yote mawili." Nikaikunja, nikaingia nayo jikoni, nikaitia motoni.

Siku chache baadaye aliniambia moyo wake unamtuma aende Pangani mara moja, akamwone mama yake, arudi kabla sijajifungua. Kutoka Wete siku ya hewa safi milima ya Mrima waiona kwa macho, si safari ya mwaka. Nikamwambia, "Miye sina neno." Nikageukia ukutani, chakula cha jioni sikukila, na cha asubuhi sikukila. Siku ya tatu akaniita kwa jina langu, akasema, "Basi Mwana, siendi. Kula, una mtoto." Nikala, na chakula nikakiona kitamu.

Wewe ukazaliwa, ukaishi. Nikajiambia, unaona? Mungu amekubali. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi.

Ulikuwa umeanza kusimama dede alipokuja mtu mmoja wa Pangani, amefuata karafuu. Alikaa barazani na baba yako, na mimi niko nyuma ya mlango nachuja kahawa. Nikamsikia akisema, "Bwana Sefu, kijiji kizima kilikulaumu. Bibi kafa anauliza, Mhina kafika? Barua hukuipata?"

Kahawa ikafurika motoni nisiione. Kisha nikamsikia baba yako akijibu, sauti yake ya kila siku, "Haikunifika."

Mgeni akasema, "Basi ndiyo njia hizi. Barua hupotea." Baba yako akasema, "Hupotea."

Tukakaa matanga siku tatu hapa nyumbani. Nilipika mimi. Nikawapakulia watu wali wa matanga ya mwanamke niliyemnyima uso wa mwanawe, na wakaniambia Mungu akulipe, Mwana, una mkono mzuri. Baba yako hakuniuliza. Siku hiyo hakuuliza, wala mwaka ule, wala miaka yote tuliyoishi. Laiti angenipiga. Laiti angenirudisha kwa babu yako na sanduku langu. Aliendelea kuniletea chungwa la kwanza la mti, aliendelea kunikanda goti kwa karafuu zilizotwangwa mvua zikianza, na kila jema alilonifanyia lilinikaa kooni.

Sasa sikiliza hili, kwa kuwa ni lako.

Umekuwa ukijisifu tangu mdogo kwamba baba yako alikupeleka chuoni kabla ya wavulana wa mtaa, na una haki ya kujisifu. Alikuwa akikubeba begani na ubao wako, asubuhi na umande wote, na watu wakimcheka kwamba Mzigua anamsomesha mtoto wa kike kama anataka awe kadhi. Umekuwa ukisema baba alipenda elimu. Alikupenda wewe, hilo usilitilie shaka. Lakini mwanangu, baba yako alikuwa akitafuta macho ya kuyaamini ndani ya nyumba yake. Alingoja uzaliwe, ukue, ujue alifu mpaka ye, ndipo apate mtu wa kumsomea barua zake.

Nadhani unaikumbuka ile ya kwanza. Ilikuwa ya ami yako. Ulikaa kwenye kigoda, yeye akakaa chini, ukawa unafuatisha kwa kijiti, unakwama, unarudi. Mimi nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi, na mkono ukasimama. Ilisema nyumba ya bibi imeanguka na kiwanja kimeota nyasi. Hukujua unasoma nini, ulikuwa unafurahi kwamba umefika mwisho. Baba yako akakubusu mkono. Kisha akanitazama, wala hakuwa na hasira, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa tuna wasomaji wawili." Akainuka akenda shamba.

Tangu siku ile sikumsomea tena, na wala hakuniambia nisimsomee.

Nimeyafikiria sana humu ndani, kwa nini hakurudi Mrima hata baada ya kujua. Angeweza. Wewe ulikuwa umeshazaliwa mzima, na mimi kinywa cha kumzuia nisingekuwa nacho. Nadhani aliona hapakuwa na wa kumwendea. Mama alikuwa ndiye njia, na njia nimeifunga mimi. Akakaa. Eda yangu ina siku zake, naihesabu na itakwisha. Yeye alikaa bila siku za kuhesabu, na akakaa kwa wema, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Na alikuwa na furaha, nisikutie huzuni isiyo kweli. Umemwona na Kombo. Tangu mjukuu azaliwe alirudi utoto. Walikuwa wakikaa uani, anamenya chungwa ganda lisikatike, anamvika mtoto shingoni, na mtoto anakwenda nalo kutwa, Bi Time analalamika kwamba nyumba inanuka maganda. Mzee mzima kujificha nyuma ya pipa la maji na miguu yote miwili nje, na mtoto anajidai hamwoni. Hata sasa Kombo akisikia kikohozi njiani ananiuliza, "Bibi, babu karudi shamba?" Namwambia bado. Mwambie wewe mkifika, mimi imenishinda.

Alipougua kifua na sote tukaona kwamba hatainuka, ulitoka nje makusudi utuache. Nilikushukuru. Nilimshika mkono nikamwambia, "Sefu, niwie radhi." Alikuwa ameshadhoofu, lakini alinisikia. Akasema, "Nimekuwia radhi, Mwana. Ya duniani na ya akhera."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na hili la pili linanila kuliko la kwanza. Sikumtajia. Nilikuwa na nafasi, mlango umefungwa, mkono wake umo mkononi mwangu. Ilitosha kusema barua ya Pangani. Nikaogopa uso wake. Nikachukua radhi ya jumla, radhi ambayo mke yeyote humwomba mume yeyote akimpikia mchuzi ukazidi chumvi, na nikaiacha roho yake iende. Sasa sijui kama imeifunika ile barua au haikuifunika. Wakati mwingine najiambia, alijua, na aliposema ya duniani alimaanisha hiyo. Wakati mwingine najiambia, wajifariji. Hakuna wa kumuuliza. Ningekuwa nje ningetembea mpaka nichoke. Humu ninazunguka kitanda.

Kwa hiyo sikupi nasaha, Riziki. Mtu kama mimi atanasihi nini? Nakupa nilichokiona, na wewe utajua la kufanya nacho. Nimeona kwamba uwongo mkubwa ni mwepesi kuusema, hauhitaji hata pumzi. Nimeona kwamba ukimzuia mtu unayempenda humpati mtu mzima. Baba yako nilimzuia, na nikaishi na mume mwema ambaye kila akiinua kichwa kutazama upande wa magharibi mimi nilitazama chini. Na nimeona kwamba mtu aliyekosa hupenda sana kimya, kwa sababu kimya hakimwiti mwongo.

Usimwandikie Faki kwamba sijiwezi. Najiweza. Nakula, naswali, namgombeza Bi Time naye ananigombeza. Nikibaki na kilio ni kilio cha haki, si ugonjwa. Usiniazime ugonjwa uwe sababu yako, nami nisikuazime ujane wangu uwe kamba. Mwenzio keshapata nyumba, anakutazamia, na mtoto anahitaji baba yake. Mimi nina Bi Time, nina jirani, na siku zangu zikitimia nitatoka nje kama wengine walivyotoka.

Ukishatulia Tanga, mwombe Faki akupeleke Pangani siku moja. Ami yako yu hai, atakuonesha kaburi la bibi yako. Sijui hata jina lake la ukoo, katika barua alikuwa mama yako tu. Msomee Fatiha. Kisha mwambie kwa mdomo wako, hata kama watu watakuona mwendawazimu, kwamba Mhina hakukaidi. Mwambie aliyemzuia ni mimi, na unitaje jina. Nataka mtu mmoja duniani alisikie jina langu pamoja na jambo hili, japo amelala chini.

Na wewe pia, ukinichukia baada ya kusoma, una haki. Chuki ya Tanga nitaistahimili kuliko mapenzi ya kukufungia humu. Ila usinisamehe upesi kwa kunihurumia. Nimeshapata msamaha wa upesi mmoja, na angalia ninavyoishi nao.

Bi Time anaanza kukoroma kwa vituo, dalili ya kuamka. Na jua limeshuka, mtakuwa njiani kutoka Madungu. Nitaiweka barua hii juu ya nguo zako sandukuni, uione kabla ya kulala.

Riziki binti Sefu, mimi mama yako niliyekuzaa, nimekuwia radhi katika safari yako, ya kwenda na ya kukaa. Nimekuwia radhi kwa mume wako, kwa mtoto wako na kwa watakaokuja. Sitaki uniachie kitu, sitaki unirudie mpaka utakapotaka mwenyewe. Radhi hii haina neno jingine nyuma yake.

Nimeiandika kwa kuwa mdomo wangu siuamini. Kesho alfajiri utaingia kuniaga, na mimi sijui nitakuwa mtu gani saa hiyo. Labda nitakuombea vizuri kama mama wa watu. Labda nitakushika nguo. Nikikushika, mwanangu, usikae kunibembeleza. Nibandue vidole, kimoja kimoja, utoke.

Mama yako,
Mwana binti Khatibu,
Pujini.